Uainishaji wa Awali wa Sanamu za Kioo Katika Kambi Muru

Sanamu dhahania ya kioo hutambulika kwa sifa tatu: pembe dhahiri, mchezo wa mwanga, na kutokuwa na kazi yoyote. Msanii Václav Cigler wa Czech alizitimiza zote kwa kukata na kung'arisha kioo cha aina ya kutengenezea lenzi. Je, Kambi Muru, kijiji cha Kibera, kina mkondo wake? Uchunguzi wetu, uliovuka hadi Kawangware, umebaini aina nne.

1. Pembe-mabaki. Hupatikana chini ya meza ya fundi wa vioo. Kigurudumu cha chuma kigumu, kikitiwa mafuta ya taa, huchora mkwaruzo tu. Kioo hupasuka kikibinywa juu ya ukingo wa meza. Kwa kuwa fremu nyingi za hapa hazijawahi kukutana na pembemraba, kila dirisha huzaa pembetatu nyembamba.

2. Miiba ya ukutani. Ni vigae vya chupa vilivyosimikwa kwenye simenti juu ya ua. Huota penye kuta za mawe. Kwenye mabati haishiki. Ya kahawia hutokana na chupa za bia. Mhakiki wake mkuu hufika usiku.

3. Punje za barabarani. Kioo cha mlango wa gari hupashwa moto kisha kupozwa ghafla kwa hewa. Ukijaribu kukikata, humwagika chote kama michemraba midogo. Jiometri ipo, msanii hayupo.

4. Utando. Kioo cha mbele cha gari ni tabaka mbili zilizogandishwa kwa plastiki katikati. Hupasuka kwa miale bila kuanguka.

Tatizo la nadharia ni sifa ya tatu. Pembe-mabaki tuliyokuwa tukiipima ilinunuliwa kabla hatujamaliza, ikazibe pengo juu ya mlango. Miiba iko kazini usiku na mchana. Utando ulikuwa tayari dirisha la kibanda cha chipsi. Zilisalia punje, nazo watoto walishazikusanya, wakafungua duka la almasi: mbili kwa kifuniko kimoja cha soda, na mkopo hakuna.

Kwa hiyo jedwali letu lina aina nne na halina sanamu hata moja. Tunapendekeza jumba la makumbusho lijengwe mtaa mwingine, ambako kioo kinaweza kukaa bure bila mtu kukiulizia bei.