Sifa za Bi Chango

Walimu wamesifiwa, akina mama wamesifiwa, hata mnazi una washairi wake. Chango la mwezini halijapata hata ubeti mmoja. Leo nalipa deni. Bi Chango, nakusifu.

Kwanza, hujapata kunisahau. Ninao ndugu wanaoikumbuka nyumba yangu siku ya pilau tu. Wewe iwe mvua iwe jua hubisha hodi chini ya kitovu, ukashuka mapajani, ukazunguka kiunoni, na huondoki kabla ya siku mbili. Umenikuta harusini, umenikuta kwenye chumba cha mtihani, umenikuta ndani ya daladala ya Mbagala nimeshika bomba kwa mikono miwili, watu wakidhani naomba dua.

Na nguvu zako si za kuazima. Mfuko wa uzazi, wenye ukubwa wa ngumi tu, ukitaka kuutoa utando wake hutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini. Zikizidi, msuli hujibana hadi damu yake yenyewe inapungua, na mimi, mtu mzima mwenye funguo za ofisi, nalala kwenye sakafu. Muuguzi mmoja alinipa dawa yako: "Zaa, litaisha." Nilikuwa na miaka kumi na saba.

Kungwi wangu alikaa nami siku saba, akala kuku wetu, akafundisha mengi, nikasahau nusu. Wewe hukudai hata kanga, na mafundisho yako ninayo mpaka leo.

Ulianza na chumvi. Nilikuwa mtu wa chipsi mayai za usiku, mpaka wiki moja kabla ya ujio wako pete ikagoma kutoka kidoleni kwa uvimbe. Ukanihamishia kwenye dagaa. Mimi, niliyekuwa nikiwapa paka! Kumbe dagaa huliwa na mifupa yake, na humo mna kalsiamu. Watafiti wa Marekani walichapisha mwaka 1998 kwamba wanawake waliopewa miligramu 1,200 za kalsiamu kila siku walipungukiwa na dalili za kabla ya hedhi kwa asilimia 48 kufikia mwezi wa tatu. Waliomeza vidonge bandia nao walipata nafuu ya asilimia 30. Kumbe nyie wote wa ukoo wa hedhi mwapenda kubembelezwa. Walimeza vidonge, si dagaa, lakini paka wangu hazijui hoja hizo. Bado ananinunia.

Tangawizi niliijua ya kwenye kahawa tu. Mwaka 2009 wanafunzi wa kike nchini Iran walipewa unga wake, miligramu 250 mara nne kwa siku, siku tatu za mwanzo za hedhi, wakapata nafuu sawa na wenzao waliopewa ibuprofeni. Mama hakuungoja mwaka huo. Alikuwa na kinu.

Halafu joto. Maji yaliyochemka yaliikunja chupa yangu ya kwanza ya plastiki kama karatasi, ndipo nikajifunza kuyapoza kidogo, kuifunga chupa kwenye kanga na kuilaza tumboni. Ulinitoa pia juu ya bodaboda. Sasa natembea karibu saa nzima, jioni tatu kwa wiki, kwa mwendo wa haraka. Majirani wanaamini nawakimbia wanaonidai. Chai nayo uliisogeza mbali na chakula, kwa kuwa inazuia madini ya chuma ambayo wewe mwenyewe unayamwaga, na mchicha ukaukamulia limau.

Lakini nakusifu wewe, sio yule anayejificha nyuma ya jina lako. Maumivu yanayozidi mwaka hadi mwaka, yanayodharau dawa, au damu inayojaza pedi kila saa, hayo hayana shairi kwangu. Huenda ni endometriosisi, huenda ni uvimbe, na tangawizi hapo haina kauli. Mwenye hayo apelekwe kwa daktari, na akiambiwa azae, atafutiwe daktari mwingine.

Leo ni tarehe ishirini na sita. Pete imeanza kukaza. Maji yako jikoni, tangawizi imeshatwangwa, na paka amekaa mlangoni akilitazama bakuli la dagaa. Karibu, Bi Chango. Kiti sikupi.