Yah: Maombi ya Futi Kamba

Kwa Wizara ya Maji,
Dodoma.

Salamu kutoka Ipole, wilayani Sikonge, pale barabara ya Mpanda inapoagana na ya Rungwa. Sisi hatujambo, na kiangazi nacho hakijambo.

Tumeisoma Sera ya Maji ya mwaka 2002 na imetupendeza mno. Inataka kila mwanakijiji apate lita 25 za maji safi kwa siku, kituo kisizidi mita 400 kutoka kaya iliyo mbali kabisa, na koki moja ihudumie watu 250. Mita hizo 400 tunazifahamu tangu zamani. Ziliahidiwa mwaka 1971, kwamba ikifika 1991 nchi nzima itakuwa imezifikia. Binti aliyezaliwa mwaka wa ahadi leo ana wajukuu, na wajukuu wanatumwa maji.

Kinachotusumbua ni hesabu. Dumu letu ni la lita 20, hivyo kila mtu ana haki ya dumu moja na robo. Hiyo robo inabebwa na nini? Tena watu 250 kwa koki moja ni madumu 312 na nusu. Dumu likijaa kwa dakika mbili, foleni inapita saa kumi, na hapo hakuna aliyegombania zamu. (Mwandishi wa sera hajawahi kukaa foleni na mashangazi zetu.)

Babu zetu Wanyamwezi walikuwa wapagazi. Misafara yao ilipiga kambi penye maji kwanza, mengine yakafuata. Aliyebeba pembe hadi Bagamoyo alipewa ujira na posho. Mama anayebeba kilo 20 kichwani alfajiri hana hata fungu kwenye bajeti.

Mwaka 1858 mpelelezi Speke aliondoka Kaze, Tabora ya leo, akalifikia Ziwa Victoria kwa miguu kabla siku 30 hazijatimia. Ziwa nalo lilipotaka kurudisha ziara, lilichukua zaidi ya miaka 160 na mkopo wa dola milioni 268 kutoka India, likipitia Nzega ndani ya bomba. Hongereni kwa dhati: Tabora mjini hawalitegemei tena Bwawa la Igombe peke yake. Halafu Juni 2022, Ikulu ya Chamwino, ikasainiwa mikataba ya maji ya miji 28, na Sikonge imo, pamoja na Urambo na Kaliua. Ipole si mji, tunakiri. Tunachoomba ni kwamba bomba likishafika Sikonge lisivue viatu na kujilaza.

Wakati tunasubiri, tuleteeni mtu mwenye futi kamba atuonyeshe mita 400 zinaanzia wapi na kuishia wapi, maana kwa miguu yetu hesabu imekataa. Malazi tutampa, na asali ya hapa ataondoka nayo. Maji ya kuoga aje nayo.

Wenu watiifu,
Wana-Ipole, wenye madumu.