Mzee, Nikuongezee Mwangaza?

Kwenye kitambulisho changu mimi ni mtu wa maji ya kunde. Kwenye kopi ya kitambulisho hicho ni mweusi tititi. Kwenye kopi ya kopi, ile ambayo ofisi ya pili huitoa kutoka kwenye faili la ofisi ya kwanza, nimekwisha kuwa mraba. Mraba wenyewe una sikio moja, kama mashine imeamka vizuri. Kando yake jina langu limesimama wima, kila herufi mahali pake. Na alama ya kidole imetoka safi kabisa, mistari yote ipo, ukitaka ihesabu. Anayetaka kunitambua kwa karatasi hiyo itabidi anishike mkono.

Sijui mji unaopenda kopi ya kitambulisho kuliko Nairobi. Ukijiunga na sacco, kopi mbili na picha ya pasipoti. Ukihamia nyumba ya kupanga Uthiru, mwenye nyumba anataka kopi, na keyateka naye anataka yake, hasemi ya nini. Ukiingia jengo refu la mjini, askari wa mlangoni huchukua kitambulisho chenyewe, akakupa kadi yenye namba, unapanda lifti hadi ghorofa ya tisa, na karani wa huko neno lake la kwanza ni, "Lete kitambulisho."

Ndiyo maana kati ya Mtaa wa Tom Mboya na River Road kila ngazi ina mashine ya fotokopi chini yake. Kijana anayeiendesha ana macho kwenye simu na kidole kwenye kitufe kikubwa cha kijani. Kuna kitufe kingine pembeni, cha kupunguza na kuongeza weusi, na hicho hakimhusu. Kimekaa upande wa giza tangu saa mbili asubuhi, kwa sababu mteja wa kwanza alileta risiti ya dukani iliyofifia, ikabidi iongezwe weusi hadi tarakimu zionekane. Mteja wa kwanza aliondoka na risiti yake. Giza lake akatuachia sisi wengine, tukalipia shilingi 5 kila mmoja.

Nilipomwomba kijana mmoja apunguze, alinitazama kwa huruma. "Mzee, nikikupunguza wewe, maandishi yatapotea." Na hakukosea, maana mashine ile haikubuniwa kwa ajili ya nyuso. Aliyeianzisha, Chester Carlson, alikuwa akifanya kazi ya hataza jijini New York, macho mabovu, amechoka kunakili nyaraka kwa mkono. Tarehe 22 Oktoba 1938, yeye na msaidizi wake Otto Kornei walikuwa kwenye chumba kidogo huko Astoria. Walichukua bati la zinki lililopakwa salfa, wakalisugua kwa leso lishike umeme, wakaliangazia mwanga kupitia kioo chenye maandishi, wakanyunyiza unga. Unga ukang'ang'ania mahali mwanga haukufika. Kilichotokea ni tarehe na jina la mtaa, basi. Kopi ya kwanza ya aina hiyo duniani haikuwa na uso wa mtu hata mmoja, na nadhani ndiyo maana hakuna aliyelalamika.

Tangu siku ile kanuni haijabadilika sana: karatasi ni nyeupe, wino ni mweusi, na kilicho katikati kichague upande. Mashavu yangu yako katikati. Yakiachiwa yachague yenyewe, huenda na wino. (Mashine kubwa ya kwanza ya ofisini, Xerox 914 ya mwaka wa 1959, ilikuwa na tabia ya kuchoma karatasi hadi ikaletwa pamoja na kizimamoto chake. Ya River Road haijanichoma bado, imenifanya mkaa tu.)

Lakini nisiisingizie fotokopi peke yake. Mara nyingi ninafika pale nikiwa tayari nimeiva kwenye picha ya pasipoti.

Kamera haijui inamtazama nani. Kipimamwanga chake kimeaminishwa jambo moja, kwamba dunia nzima, weupe wake na weusi wake, ukiuchanganya unapata kijivu kinachorudisha kama asilimia 18 ya mwanga. Ikioneshwa ukuta mweupe, hupunguza mwanga mpaka ukuta uwe wa kijivu. Ikioneshwa paka mweusi, huongeza mpaka paka naye awe wa kijivu. Sasa mketishe mtu wa maji ya kunde mbele ya shuka jeupe, kama kila fomu inavyotaka. Kamera inaliona shuka, inashtuka, inapunguza mwanga, na mimi niliye mbele ya shuka napunguzwa nalo ingawa sikuulizwa. Dawa yake ipo, ni alama ndogo ya kujumlisha karibu na kidole cha mpiga picha, na bei yake ni bure.

Kuna fundi mzee kwenye kichochoro cha Kangemi anayejua. Yeye halipimi shuka. Husogea hadi ulipoketi, akainua kiganja chake mbele ya uso wako, akapima mwanga unaoangukia pale, kisha akafungua hatua moja zaidi. Ni akili ya zamani: viganja vya wanadamu havitofautiani sana, awe mtu wa Turkana au wa Norway. Mteja mgeni hajui hayo. Nimemwona mama mmoja akifumba macho na kusema "Amina" kabla picha haijapigwa, ikabidi irudiwe.

Filamu zilipokuwa bado zinatawala, hata kiganja cha fundi hakikutosha, kwani picha ilikwenda kusafishwa maabara, na maabara za Kodak duniani kote zilisawazisha rangi zao kwa kadi ya mwanamke wa Kizungu. Zikaitwa kadi za Shirley, kwa jina la yule wa kwanza kupigwa picha. Shirley akitoka vizuri, mashine ilihesabiwa iko sawa. Sisi wengine tulitoka tulivyotoka. Kodak ilikuja kurekebisha filamu zake zione rangi za kahawia, na kwa mujibu wa watu wa kampuni waliozungumza na mtafiti Lorna Roth wa Kanada, msukumo mkubwa ulitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani. Wao waliudhika kwamba chokoleti ya maziwa na chokoleti nyeusi zilifanana pichani, na mbao za aina mbili zikawa moja. Filamu mpya ilipotangazwa, sifa yake ilikuwa kwamba inaweza kumpiga picha farasi mweusi katika mwanga hafifu. Farasi! Na babu yangu alikuwa amevaa tai.

Siku hizi kila mtu ana kamera mfukoni na mambo yamegeuka kichwa chini. Tecno walijipatia soko Afrika kwa simu zinazozijali ngozi nyeusi, na Google nao wakaja na mpango wao wa rangi halisi kwenye Pixel 6 mwaka wa 2021. Heri yao. Ila mpwa wangu ana simu yenye kitufe cha urembo ambacho hazimi hata usiku. Alinipiga picha ya sacco, nikatoka mweupe, laini, bila makunyanzi, kidevu kimechongwa. Afisa wa sacco aliniuliza kama mwanachama mwenyewe angekuja.

Mtihani mkubwa ni harusi. Gauni ni jeupe, suti ni nyeusi, na vyote viwili vimesimama saa saba mchana kwenye nyasi za Loresho, chini ya jua la ikweta linalopiga kutoka juu kabisa, nyusi zikayatilia macho kivuli. (Mpiga picha mwenye busara angemshauri bwana harusi aoe Julai, mawingu yanapofunika jiji wiki nzima na mwanga ukawa mpole kwa kila mtu. Lakini nani aoe kwenye baridi ile?) Kwenye harusi moja ya kwetu kamera alipewa binamu yangu, kwa sababu anayo. Kamera ilipima gauni, gauni likatoka na kila ushanga wake. Albamu ilipofika nyumbani, Shangazi aliifungua akatulia. "Msichana amependeza," akasema. "Sasa huyu suti aliyeoana naye ni wa ukoo gani?"

Binamu alitaka kujitetea kwa hesabu za lenzi. Shangazi akamwambia ampige picha bwana harusi peke yake, na gauni lingoje ndani ya gari.

Basi juzi nilipohitaji kopi ya kitambulisho ya kugongwa muhuri, sikwenda mjini mikono mitupu. Nilianzia Kangemi, kwenye saiba jirani na yule fundi, ambako kuna dada mmoja anayeendesha fotokopi kama mtu aliyeisoma. Alikitazama kitambulisho, akanitazama mimi, akauliza, "Mzee, nikuongezee mwangaza?" Sijawahi kuulizwa swali tamu kama hilo kwa shilingi 10. Akahamisha mashine kutoka hali ya maandishi kwenda hali ya picha, ile inayovunja rangi kuwa vidoto vidogo vidogo, akashusha weusi ngazi mbili. Karatasi ikatoka ikiwa na mimi ndani yake. Kovu la utotoni lilikuwepo. Kola ya shati ilikuwepo.

Nilipanda matatu nikaipakata hadi mjini, nikaifikisha dirishani. Karani aliinua kopi, akaielekeza kwenye taa, akaikwaruza kwa ukucha.

"Hii ni kopi?"

"Ni kopi."

"Mbona uso unaonekana?"

Nikaanza kumweleza habari za vidoto. Akatikisa kichwa. "Mzee, hii imechezewa. Kopi haitokagi hivi." Akainuka, akaiweka kwenye mashine iliyokuwa nyuma yake, akabonyeza kitufe cha kijani. Ukatoka ule mraba wangu wa siku zote, bado wa moto. Akaukagua, akaridhika, akaulowesha muhuri wino na kuugonga katikati ya mraba kwa nguvu zote. Kisha akanisukumia karatasi na kalamu.

"Weka sahihi hapo chini, Mzee, uthibitishe kwamba huyu ni wewe."