Barua ya Wazi kwa TAMISEMI kuhusu Meya Asiyejulikana

Kwa Ofisi ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI), Dodoma.

YAH: PONGEZI KWA KUMSITIRI MEYA

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Wananchi wa Ngara, wilaya ya mkoani Kagera inayopakana na Rwanda na Burundi, wanaipongeza Ofisi kwa kazi isiyosifiwa inavyostahili, kwani Tanzania Bara ina majiji sita na mameya wake, lakini dereva aliyepakia mzigo bandarini Dar es Salaam kwenda Kigali, akiulizwa kwenye foleni ya mpaka wa Rusumo jina la meya wa huko atokako, huenda akamtaja mkuu wa mkoa, tena aliyekwisha kuhamishwa.

Mafanikio hayo hayakuja yenyewe. Kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) Na. 8 ya mwaka 1982, meya huchaguliwa na madiwani miongoni mwao, maana yake mkazi humpigia kura diwani wa kata yake na kazi yake ikaishia hapo. Mkurugenzi wa jiji, ambaye ndiye mtendaji mkuu, huteuliwa na Rais. Meya hubakiwa na joho, mkufu na kiti cha mbele kwenye vikao vya baraza. Februari 2021 Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ilipovunjwa na Manispaa ya Ilala kupandishwa hadhi kuwa jiji, alipatikana meya mwenye jina la Dar es Salaam nzima asiye na mamlaka Kinondoni, Temeke, Ubungo wala Kigamboni, jambo ambalo huko Ngara halikumkosesha mtu usingizi.

Ofisi itajitetea kwa mifano ya majirani, na kwa haki. Kampala ilimchagua Erias Lukwago kuwa meya kwa kura ya moja kwa moja mwaka 2011, akavuma kwa mivutano na serikali kuu kuliko kwa mitaro. Nairobi ilimpa ugavana Mike Sonko, aliyejulikana Kenya nzima, na Desemba 2020 Seneti ikamwondoa. Umaarufu hauzoi taka.

Hata hivyo, Ngara haijawahi kudai kumjua meya wa Dar es Salaam, nayo ina mwenyekiti wa halmashauri, yaani meya wa wilaya asiye na mkufu, aliyechaguliwa na madiwani vilevile. Anayepaswa kumjua ni mkazi wa Jangwani, jijini humo, ambaye mto Msimbazi ukifurika na mabasi ya mwendokasi yakasitisha safari, husimama ndani ya maji yaliyofika magotini akimsubiri mkuu wa mkoa na kamera zake, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumweleza kwamba jiji lina meya, wala hana kura ya kumwondoa.

Ofisi inaombwa, basi, iwape wakazi wa majiji kura hiyo, au iuuze mkufu.

Wananchi wa Ngara.

Nakala: Meya wa Jiji, kupitia kwa Mkurugenzi, akiona inafaa.