Supu Imeisha, Ugali Bado

Shemeji yangu wa Mbezi alikuja Kasulu na ombi moja tu: Jumapili tusinywe chai nyumbani. Tulale mpaka usingizi utuchoke, kisha twende kula ule mlo wa kuunganisha, chai na chakula cha mchana kwa mpigo, kama hotelini kwao, mtu analipa mara moja na kujipakulia mpaka aone aibu.

Mwenye wazo hilo hasa ni Mwingereza mmoja, Guy Beringer, aliyeandika mwaka 1895 kutetea mlo wa Jumapili wa karibu na adhuhuri, ili waliokesha Jumamosi wapate kulala. Huku kwetu aliyekesha Jumamosi huamshwa na kipaza sauti cha kanisa.

"Shemeji, saa tano hapa hupati kitu," nilimwambia.

"Mji wa watu zaidi ya laki mbili ukose pa kula?" Sensa ya 2022 anaijua kuliko anavyoijua Kasulu.

Pa kula papo tele. Tatizo ni saa. Supu ya stendi huinjikwa usiku kwa ajili ya abiria na vijana wa bodaboda. Ikigonga saa tatu, sufuria lina mfupa mmoja na pilipili. Ugali wa muhogo nao husubiri ibada zitoke. Na ibada hapa si haba: Kasulu ndiyo makao ya Dayosisi ya Western Tanganyika ya Kanisa Anglikana, Wakatoliki wapo, Wapentekoste ndio usiseme. Mpishi mwenyewe pengine anaimba sauti ya pili.

Mgahawa wa kwanza, shemeji akauliza supu.

"Imeisha."

"Ugali?"

"Bado."

"Sasa kuna nini, dada?"

Dada akatazama jikoni, akatutazama sisi. "Kuna soda."

Mgahawa wa pili ulikuwa na chapati za tangu alfajiri, zimekakamaa. Shemeji akaagiza kahawa, akijua kwamba Buhigwe, wilaya iliyomegwa kutoka Kasulu mwaka 2012, hulima arabika nzuri kule Manyovu. Akaletewa chupa ya maji moto na kopo la kahawa ya kukoroga kutoka Bukoba. Ya Manyovu huenda ng'ambo. Sisi wa jirani tunasikia sifa zake tu.

Tukaishia sokoni kwa mama ntilie ambaye, kwa rehema za Mungu, alikuwa na migebuka kwenye mawese. Shemeji akavuta benchi, akaagiza kabla hajaketi vizuri. Mama akaweka mwiko chini.

"Mwakeye," akasema, akipiga makofi taratibu.

Kwa Muha salamu haikatizwi. Akauliza nyumbani, akauliza watoto, wazazi, mvua ya Dar, safari, na watoto tena. Shemeji, tumbo likinguruma, alijibu "wazima" hata kwa mvua. Sahani ilipofika akaivamia kwa pupa, mgebuka ukateleza, mawese yakaruka hadi kifuani pa shati jeupe la kitani.

"Pole, mwanangu," mama akasema, akilichunguza doa. "Hilo halitoki. Lakini limekupendeza."

Nikiri kwamba nilicheka kupita kiasi kinachoruhusiwa kwa shemeji. Naye akala sahani mbili, akaomba na sombe, kisha njiani akauliza kama Kibondo kuna afadhali. Kibondo ni zaidi ya kilomita mia kutoka hapa. Ukiondoka saa tano na njaa yako, unaweza kufika ugali nao umeisha.

Kwa hiyo wewe unayekuja wikiendi, sikiliza. Saa moja asubuhi uwe stendi, supu na chapati mbili. Saa saba, ugali wa muhogo na migebuka. Katikati nenda kanisani, au katafute asali ya Kibondo ya kupeleka nyumbani. Mama ntilie msalimie mpaka amalize yeye. Na shati jeupe liache kwenye begi.