Mwongozo kwa mgeni wa barabara za Ngara na Biharamulo

Ukishuka basi Nyakanazi alfajiri, usiulize choo kiko wapi kabla hujajua unaelekea wapi. Hapo ni njia panda. Nyuma yako ni Kahama, kushoto Kibondo na Kigoma, na mbele kidogo ni Lusahunga, ambako barabara inagawanyika tena: moja inakwenda Biharamulo mjini na Bukoba, nyingine Ngara na mipaka miwili. Mpiga debe wa kwanza ataushika mkono wako wa kulia, wa pili ataondoka na begi. Wote watakuita bosi. Usivimbe kichwa, maana wanachokiona ni kiti kimoja kilichobaki wazi.

Kiti chenyewe kiko kwenye mchomoko. Mchomoko ni gari dogo ambalo kule Japani lilihesabiwa kubeba watu watano, likaja huku likafanyiwa hesabu upya. Usikimbilie kukaa mbele ukidhani umepewa heshima. Mbele mnakaa wawili kwenye kiti kimoja, na wa tatu anakaa na dereva kwenye kiti cha dereva, gia ikiwa katikati ya magoti yake. Mkikaribia kizuizi, mmoja wenu atashuka bila kuambiwa, atatembea kandokando ya barabara kama mkulima anayewahi shamba, na mtamkuta mbele anawasubiri. Kama wewe ndiye mwembamba kuliko wote, anza kufunga kamba za viatu.

Sasa mko kwenye lami. Kutoka Lusahunga hadi Rusumo ni kilometa 92, na jambo la kwanza la kulielewa ni kwamba hii ni barabara ya mizigo, wewe umeomba lifti. Semitrela zimetoka bandari ya Dar es Salaam, zimepita Dodoma, Singida, Nzega na Kahama, zina mafuta na saruji na ngano ya Kigali, Bujumbura na Kongo ya mashariki. Zikipanda mlima zinatembea kama bibi harusi. Zikiteremka, shika unachoweza kushika, hata kama ni abiria mwenzako.

Pale Nyakahura kuna mizani. Malori yanapanga foleni kupimwa, kwa sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ambayo Tanzania ilianza kuitumia Machi 2019: lori na mzigo wake lisizidi tani 56, na kila ekseli ina kipimo chake. Mgeni hulalamika kwamba mizani inachelewesha safari. Asubiri kwanza aelezwe. Wahandisi wa barabara wana kanuni yao ya tangu zamani, kwamba ekseli ukiizidishia uzito mara mbili, inaichosha lami karibu mara 16. Kwa hesabu hiyo bodaboda na mchomoko, hata wenye watu tisa, wakipita mwaka mzima lami haina habari nao. Ikumbuke hesabu hii. Tutaihitaji tukishaiacha lami.

Ukiona matawi mabichi yamelazwa barabarani, moja hapa, jingine hatua kumi mbele, usifikiri ni upepo. Lori limeharibika kwenye kona. Hiyo ndiyo alama ya tahadhari ya nchi nzima, haina bajeti wala zabuni, na haijawahi kukosekana. Majani yakiwa mabichi, gari limekufa leo. Yakiwa yamekauka, utingo ameshapika ugali mara kadhaa chini ya tela na anawajua watoto wa kijiji kwa majina.

Misitu ya Biharamulo unayoipita sasa iko jirani na Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyopandishwa hadhi mwaka 2019. Mgeni wa leo anatafuta twiga dirishani. Waliosafiri huku zamani kidogo walikuwa wakitafuta kitu kingine, kwani kuna miaka ambayo mabasi yalisubiriana, yakajipanga msafara, na askari mwenye bunduki akakaa kiti cha mbele kwa sababu ya majambazi wa porini. Nauli ilikuwa ileile, ulinzi ukaongezwa bure. Nakiri sijawahi kuipenda Serikali kwa moyo mweupe kama siku ile ilipokaa kiti cha kwanza, ikasinzia na silaha mapajani.

Kasulo utapita mahali panapoitwa Benaco. Usiwaulize wenyeji maana ya neno hilo katika Kihangaza. Ni jina la kampuni ya Kitaliano iliyoweka kambi yake hapo wakati wa ujenzi wa barabara. Mwishoni mwa Aprili 1994 takriban watu 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakikimbia kutoka Rwanda, ndani ya kama siku moja tu, wakajaa kwenye vilima hivyo, na jina la mjenzi wa barabara likawa jina la kambi ya wakimbizi iliyotangazwa dunia nzima. Chakula chao kilipita kwenye lami hii. Unaweza kubishana usiku kucha kama Serikali inapaswa kujenga barabara au wafanyabiashara wajijengee wenyewe. Ila fikiria ni mfanyabiashara gani angekuwa amepanga kuijenga akingojea abiria wa namna ile. Redio Kwizera ya Ngara ilianzishwa 1995 kwa ajili ya watu hao. Wengi walirudi kwao Desemba 1996, redio ikabaki na wenyeji.

Kuhusu Rusumo sina mengi. Daraja la zamani lilikuwa jembamba, lori moja kwa zamu. Jipya, pamoja na kituo cha pamoja cha forodha, lilizinduliwa Aprili 2016 na marais Magufuli na Kagame. Jambo la kukariri ni moja: Tanzania tunaendesha kushoto, Rwanda wanaendesha kulia, na anayesahau hilo hukumbushwa na lori linalokuja.

Kama utanunua ndizi kwenye vibanda vya kando ya lami, angalia kuta kwanza. Alama ya X nyekundu si jina la duka. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kutoka mita 45 hadi 60, yaani mita 30 kila upande kutoka katikati. Nyekundu maana yake umeifuata barabara, ubomoe mwenyewe na hulipwi kitu. Kijani maana yake barabara ndiyo iliyokufuata, subiri fidia. Muuza ndizi mmoja aliniambia kwamba X yake ina umri sawa na mtoto wake wa pili, na wote wawili wanaendelea vizuri.

Hapo ndipo mgeni hufunga daftari akidhani amezijua barabara za wilaya hizi. Amejua za TANROADS tu, wakala ulioanzishwa mwaka 2000 kushika barabara kuu na za mikoa. Shuka sasa kwenye lami. Vumbi likishakuingia puani, mara nyingi uko mikononi mwa TARURA, iliyoanza 2017 na kukabidhiwa za vijijini na mijini. Ukiendelea mpaka nyasi zianze kuota katikati ya njia, umefika kwenye barabara ambayo ukiuliza ni ya nani, watu watatazamana, kisha watakuelekeza kwa mwenyekiti wa kitongoji.

Huku utahitaji lugha. Kihangaza, Kishubi na Kisukuma watakusaidia wenyeji. Mimi nitakusaidia Kiswahili cha barabara, ambacho hata waliozaliwa Pwani hawakijui. “Inapitika majira yote” maana yake diwani alipita Agosti. “Inapitika kwa shida” maana yake haipitiki. “Sehemu korofi” ni mahali ambapo gari lako liko sasa hivi. “Mkandarasi yuko saiti” maana yake kijiko kimeegeshwa, na mlinzi wake anafuga kuku. “Upembuzi yakinifu” ni vijana wawili waliokuja na darubini ya miguu mitatu, wakapiga vigingi, wakanywa soda na kuondoka. “Usanifu wa kina” ni hao hao wakirudi. “Kulingana na upatikanaji wa fedha” haina tafsiri. Ukiisikia mkutanoni, simama, kung'uta suruali, nenda nyumbani.

Barabara ya kutoka Murugarama kupita Rulenge hadi Nyakahura inaielewa lugha hii vizuri kuliko wengi wetu. Imetajwa kwenye ahadi za lami kwa muda mrefu kiasi kwamba wazee huitumia kuhesabia miaka. Siku hizi nikeli ya Kabanga, kule Bugarama, imeipa matumaini mapya, kwa vile mwamba unasikika upesi kuliko maharage. Silaumu. Naeleza tu jinsi ya kumtambua mgeni anayepewa lami: hubeba kitu kizito kinachokwenda mbali.

Ukikutana na greda huku ndani, usishangilie kabla ya kuuliza Mwenge wa Uhuru unapita lini. Mwenge hufika kila halmashauri kila mwaka, na mbele yake mabonde hufukiwa, mitaro huzibuliwa, kalavati lililozama hukumbukwa. Wiki moja utasafiri kama mtu wa Dodoma. Tumia wiki hiyo kuvuna, kuoza binti, kupeleka mgonjwa Murugwanza au hospitali ya Rulenge. Ikipita, mgonjwa atarudi kwenye machela ya miti, wanaume wanne wakipokezana, na huko nako kuna sheria kali: anayeikwepa zamu ya kubeba, siku yake akiugua atawakuta watu wote wameenda shamba. Hiyo ndiyo huduma ya umma iliyotangulia hizi nyingine zote, na kodi yake hulipwa kwa bega.

Nimesema kodi. Mgeni wa mjini hupenda kusema kwamba vijiji hivi havina lami kwa sababu havichangii. Mpeleke kwenye mashine ya kusaga. Inatumia dizeli, na katika kila lita kuna tozo ya barabara; mwaka 2021 zikaongezwa shilingi 100 kwa lita, safari hii kwa ajili ya TARURA. Mashine ile imefungwa kwa boliti kwenye sakafu. Haijawahi kwenda popote. Mwaka 2017 ada ya mwaka ya leseni ya magari ilifutwa, na badala yake ushuru wa shilingi 40 ukaongezwa kwenye kila lita ya petroli, ya dizeli na ya mafuta ya taa. Ya mafuta ya taa! Kwa hiyo bibi mwenye kibatari nyuma ya Rulenge, aliyekuwa akichambua maharage usiku, alikuwa akilipia leseni ya gari. Kamwe hakuonyeshwa ni gari gani. Sasa ile hesabu ya ekseli: bibi, kibatari na mashine ya kusaga wanaichosha lami kiasi gani?

Sisemi bibi ajengewe ya kwake, wala sisemi kila mmoja alipie kipande anachokikanyaga, maana yeye akikataa kulipia lami ya Rusumo, na wa Dar es Salaam akikataa kulipia kalavati la bibi, tutabaki na matawi mabichi peke yake. Nasema siku mkaguzi akija kuhesabu magari, akakaa chini ya mwembe na daftari lake na kukuta yamepita matatu, aandike pembeni waliopita kwa miguu, na kilichokuwa kichwani mwao.

Usiku ukikukuta huko, tafuta bodaboda. Atakuambia tanki halina kitu, mpite dukani kwanza. Petroli inauzwa kwenye chupa ya maji, rangi kama ya chai ya mkandaa, na tozo zote zimo humo tayari. Mama mwenye duka ataikinga chupa dhidi ya kibatari kwa kiganja, atakuuliza unatoka wapi na umekuja kwa nani. Mjibu vizuri. Kisha patana na dereva nauli ya kurudi kabla hajawasha, na utazame juu kwanza: mawingu yakiwa upande wa Burundi, ataacha kutaja bei, ataanza kukutajia nyumba ya kulala.