Namna ya Kushindwa Uchaguzi Saint Helena na Bado Ukapungiwa Mkono

Ndugu mgombea, vuta kiti. Wa kukufundisha kushinda utawapata kila kona. Mimi nataka kukufundisha kushindwa, kwa sababu wengi wetu ndiko tunakoishia, na wengi tunaifanya kazi hiyo vibaya sana.

Mahali pa kujifunzia nimekuchagulia Saint Helena. Ni kisiwa cha kilomita za mraba 122 kusini mwa Atlantiki, chini ya Uingereza, mwendo wa karibu kilomita 1,900 kutoka pwani ya Afrika. Wakazi ni elfu nne na ushei, na wenyewe hujiita Saints. Kisiwa kizima ni jimbo moja, viti vya kuchaguliwa vya baraza la kutunga sheria ni 12, na kila mpiga kura anaruhusiwa kuweka alama kwa majina mpaka 12. Vyama havishindani. Kwa hiyo huna rangi ya kujifunika wala mwenyekiti wa taifa wa kumtupia lawama. Ukianguka, umeanguka wewe, na kila mtu anajua unaishi wapi.

Uchaguzi wa 2021 ulifanyika Jumatano, na wa 2025 vilevile Jumatano. Maana yake ni kwamba Alhamisi asubuhi unahitaji mkate kama kawaida, na duka ni lilelile. Mbele yako kasimama mama aliyehesabu kura, nyuma yako kasimama mshindi. Mwongozo huu ni wa foleni hiyo.

Hatua ya kwanza: achana na cheo.

Usijiite Mheshimiwa kabla hujapewa kura, na ukipewa usijiite pia. Saint Helena koo ni chache na majina yanajirudia, ndiyo maana kitabu cha simu cha kisiwa huandika hata majina ya utani. Jina walilokupa ukiwa na miaka saba, ulipodondoka kwenye punda, ndilo litakalokupa kura. Litumie. Lijibu likiitwa.

Kuna mtu alikataa ushauri huu kisiwani humohumo. Napoleon aliletwa Oktoba 1815 baada ya kushindwa vita, akawekwa Longwood mpaka alipofariki Mei 1821. Waingereza walitaka kumwita Jenerali Bonaparte, yeye na watu wake wakashikilia kwamba ni Mfalme Mkuu. Miaka mitano ya ugomvi na Gavana, Hudson Lowe, na sehemu kubwa ya ugomvi huo ilihusu jina. Alipokufa hawakukubaliana hata cha kuandika juu ya kaburi, likaachwa jiwe tupu. Mwili ulihamishiwa Paris mwaka 1840, jiwe bado lipo bondeni, halina herufi hata moja. Nenda ukalitazame kabla ya kurudisha fomu.

Hatua ya pili: fanya kampeni barabarani, kwa kurudi nyuma.

Hii ndiyo njia ya mkato ninayoipenda kuliko zote. Barabara zinazopanda kutoka Jamestown, mji mkuu, zimechongwa ubavuni mwa majabali, nyembamba, na sehemu nyingi magari mawili hayapishani. Desturi ya huko ni kwamba anayeshuka humpisha anayepanda. Desturi nyingine ni kupungiana mkono na kila gari unalokutana nalo, umjue usimjue, na kwa kweli unamjua.

Sasa tazama. Unashuka asubuhi, umechelewa. Kwenye kona linachomoza gari dogo la mzee, linapanda kwa gia ya kwanza, linakoroma. Unasimama. Unaingiza gia ya kurudi nyuma, unatazama kioo, unarudi taratibu hadi penye upana, tairi la kushoto likigusa changarawe za ukingoni. Mzee anapita. Anainua vidole viwili kutoka kwenye usukani, hata kichwa hageuzi. Vidole hivyo viwili ni kampeni yako ya siku nzima. Hotuba ya dakika arobaini ukumbini haivifikii.

Ukikataa kurudi nyuma mara moja tu, habari itafika Sandy Bay kabla yako. Simu za mkononi ziliingia kisiwani 2015, lakini habari za aina hii hazikuwahi kuzisubiri.

Na jambo moja la lazima: endelea kupunga mkono baada ya uchaguzi. Aliyeshindwa akiacha kupunga, watu wote wanajua alikuwa akipunga kwa ajili ya nini.

Hatua ya tatu: ahidi kidogo, kisha punguza.

Tunapenda kuahidi makubwa kwa sababu kinywa kinapotamka jambo kubwa na sisi tunajiona wakubwa. Saint Helena itakuponya haraka. Kwa miaka mingi kisiwa kiliishi kwa mmea wa nyuzi, kinasokota kamba, na mteja wake mkubwa alikuwa shirika la posta la Uingereza lililotumia kamba hizo kufungia barua. Katikati ya miaka ya 1960 posta ikahamia kamba za nyuzi bandia. Viwanda vya kisiwani vikafungwa. Hakuna mjumbe aliyepiga kura kuhusu jambo hilo. Mimea bado imejaa milimani, haina mvunaji.

Au chukua uwanja wa ndege. Pauni zaidi ya milioni 280 za walipa kodi wa Uingereza ziliingia pale. Ulikuwa ufunguliwe 2016, upepo wa pale ukawatisha marubani, na abiria wa kwanza wa safari za kawaida walishuka tarehe 14 Oktoba 2017. Mgombea aliyeahidi ndege alikuwa ameahidi upepo.

Ahidi vitu unavyoweza kuvishika kwa mkono wako: taa ya njiani, ratiba ya basi kwa wazee, barua ya malalamiko ijibiwe ndani ya wiki mbili. Sehemu kubwa ya fedha za bajeti hutoka London, na Gavana bado anashika ulinzi, mambo ya nje na usalama wa ndani. Mwambie mpiga kura hivyo, kwa sauti, mkutanoni. Utapoteza kura kadhaa. Lakini ukishindwa, hakuna atakayekudai kitu, na hiyo ni starehe ambayo washindi hawaijui.

Hatua ya nne: ujanja wa alama moja.

Hapa njoo karibu, nisemee chini. Mpiga kura ana alama 12, lakini halazimiki kuzitumia zote. Kila alama anayompa mwenzako inampandisha mwenzako juu yako. Kwa hiyo ukiwaomba ndugu zako wakuwekee wewe tu, waache majina mengine yote wazi, kura yao moja ina uzito zaidi kuliko ya jirani aliyegawa alama zake zote. Sheria haikatazi. Hesabu ni sahihi.

Unaweza kujaribu. Lakini hawa wagombea wengine nao wana binamu, na binamu zao ndio binamu zako. Ukimnong'oneza shangazi Jumatatu, Jumanne mchana shangazi amemuuliza dada yake kama ni vizuri kumnyima kura mtoto wa jirani aliyemletea samaki. Jumatano utapata alama ya shangazi, na utakuwa umepoteza za samaki. Nasema tena, hesabu ni sahihi. Lililokosewa ni kisiwa cha kuifanyia.

Hatua ya tano: kula plo.

Wana chakula chao kiitwacho plo: wali, nyama na mboga vinapikwa sufuria moja na bizari. Ukisikia jina na ukanusa mvuke utamjua ndugu yake wa kwetu. Ukikaribishwa, kaa, kula, sifu, usitaje uchaguzi. Basi.

Hatua ya sita: nafasi ya 13.

Kura zinahesabiwa usiku, na namba zake ni ndogo. Mtu anaweza kuingia barazani kwa kura mia chache tu. Ndiyo maana nafasi ya 13 inauma kuliko ya mwisho. Wa mwisho analala. Wa 13 anakaa kitandani akizirudia kura alizopungukiwa, na anaweza kuzihesabu kwa vidole, na kila kidole kina sura.

Hapo ndipo unapoanza ukaguzi. Nakujua, nami ningeanza. Unachukua karatasi: upande wa mama watu 31, upande wa mke 22, waliosoma nawe, mafundi uliofanya nao kazi bandarini, majirani wa Half Tree Hollow. Unajumlisha, unalinganisha na matokeo, unakuta pengo. Kisha unaanza kukumbuka nani aliangalia chini ulipomsalimia kituoni. Saa nane za usiku umeshapata wasaliti kumi na wanne, na mmoja wao ni mtu aliyekubebea jeneza la baba yako.

Chana karatasi hiyo. Nakuomba kwa dhati, hapa sitanii. Kura ni siri kwa sababu nzuri kila mahali, lakini kwenye kisiwa cha watu elfu nne siri hiyo ndiyo ukuta wa mwisho baina ya jirani na jirani. Aliyekunyima kura ana haki ya kukuletea mboga kesho bila kujieleza. Ukiubomoa ukuta ule kwa penseli na hesabu zako za usiku, hakuna tume itakayoujenga tena. Sisi wa mwambao wa Afrika Mashariki tumewahi kuona visiwa ambako watu waliacha kuzikana na wakaachishana ndoa kwa sababu ya nani alimpigia nani. Tunajua majeraha yale yanachukua miaka mingapi kufunga.

Hatua ya saba: ukishinda, jiandae kushindwa mara ya pili.

Tangu 2021 kisiwa kina mfumo wa mawaziri. Wajumbe 12 wanamchagua mmoja wao kuwa Waziri Kiongozi, cheo ambacho Zanzibar nayo ilikuwa nacho hadi 2010. Wa kwanza Saint Helena alikuwa mwanamke, Julie Thomas. Waziri Kiongozi huchagua mawaziri wanne. Piga hesabu: watano serikalini, saba wamebaki kuwauliza maswali.

Wale saba wengi wao walikuwa wameshaota uwaziri usiku wa Jumatano. Usinune. Kiti cha kuuliza maswali ndicho kilichokosekana kwenye visiwa vingi. Soma makabrasha kabla ya kikao, uliza swali fupi, subiri jibu, uliza tena lilelile. Waziri atakuheshimu, na wapiga kura wanaosikiliza redioni jikoni watajua nani alisoma na nani alikuja kukaa.

Kuhusu wageni waliotutangulia

Sasa nikueleze kwa nini nimechagua kisiwa hiki. Hapa pamepelekewa walioshindwa wengi. Baada ya Napoleon aliletwa Dinuzulu, mfalme wa Wazulu, kuanzia 1890 hadi 1897. Kisha mateka wa Kiburu kwa maelfu. Na wetu wenyewe, Sayyid Khalid bin Barghash, aliyeingia kasri la Zanzibar Agosti 1896 bila ridhaa ya Waingereza, akakaa siku mbili, akatolewa kwa mizinga kwa muda usiofika saa nzima. Wajerumani walimhifadhi Dar es Salaam, Waingereza wakamkamata wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akapelekwa uhamishoni, na Saint Helena ikawa mojawapo ya vituo vyake. Mwishowe waliruhusu arudi Afrika Mashariki, akafia Mombasa mwaka 1927.

Hao wote walishindwa kwa bunduki, wakavukishwa bahari. Wewe umeshindwa kwa penseli. Umelala kwako, mlango wako haukugongwa, mbwa wako yuko uani. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko kiti chochote, na ndiyo inayonifanya niandike haya yote kwa ajili ya uchaguzi wa watu elfu nne.

Hatua ya mwisho: Alhamisi.

Amka mapema. Vaa nguo safi, lakini usivae ya sherehe. Nenda dukani saa ambayo watu ni wengi, usingoje wapungue. Mpongeze mshindi kwa jina lake la utani, mshike mkono, usimshike muda mrefu. Mtu akikuambia "pole", sema asante. Akisema "mimi nilikupigia", sema asante, hata kama waliokuambia hivyo asubuhi hiyo wameshazidi kura ulizopata.

Kisha nunua mkate, panda gari, rudi nyumbani. Ukikutana na gari linalopanda, wewe unashuka, kwa hiyo rudi nyuma. Uchaguzi mwingine ni baada ya miaka minne, na taa ile ya njiani uliyoiahidi bado haijawaka. Mjumbe mpya ana mambo mengi wiki hii. Mpigie simu Ijumaa, mwambie nguzo ipo wapi.